Wajibuni kwa Lugha Yenu

Mwanamke wa Kitanzania aliyeolewa na Mholanzi, akitaka kuhamia kwa mumewe, hapewi kibali cha kukaa huko mpaka kwanza aende ubalozini, akae mbele ya kompyuta na kufanya mtihani wa Kiholanzi, lugha ambayo pengine hajapata kuisikia ikisemwa ila na mume huyo mmoja. Sharti hilo lilianza mwaka 2006, na katika miaka yake ya mwanzo mtahiniwa alikuwa akijibu maswali kwa simu, na upande wa pili wa simu hapakuwa na mwanadamu bali mashine iliyokuwa ikipima usahihi wa matamshi yake. Mmarekani, Mkanada na Mjapani wamesamehewa mtihani huo. Kwa nini wao wasamehewe na Mtanzania asisamehewe, msomaji na akisie mwenyewe. Akisha kufaulu na kuwasili, mwanamke huyo huikuta sheria nyingine, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ambayo huwataka walio wengi wasome mpaka daraja ya B1, ilhali zamani daraja ya A2, iliyo chini yake, ilitosha.

Sasa mtazame bibi huyo akiingia katika duka la mkate mjini Utrecht. Njia nzima alikuwa akiirudiarudia sentensi aliyofunzwa darasani, ya kuomba nusu mkate wa ngano isiyokobolewa, uliokatwa vipande, maana huko mkate huuzwa mzima au nusu, na mteja huulizwa ukatwe au usikatwe. Anaitoa sentensi yake yote bila ya kukwama. Tena ikiwa amelelewa pwani akasoma chuoni, ile g ya Kiholanzi ikwaruzayo kooni, ambayo Mwingereza huishi nayo miaka asiimudu, kwake si kitu, kwa kuwa ulimi wake umezoea khe na ghaini za Kiarabu tangu utotoni. Muuzaji, msichana mkunjufu asiye na chembe ya dharau, anatabasamu, anaukata mkate, kisha anamuuliza kwa Kiingereza fasaha kama anahitaji kitu kingine.

Mambo haya nimeyashuhudia aghalabu katika nchi za kaskazini ya Ulaya, na kila nilipowauliza wenyeji sababu yake, jawabu lilikuwa moja: wanataka kumrahisishia mgeni. Nami nawasadiki. Katika uchunguzi uliofanywa na Tume ya Ulaya na kutangazwa mwaka 2012, Waholanzi 90 katika kila 100 walisema kwamba wanaweza kuzungumza Kiingereza, na Wadenmaki na Waswidi 86, ilhali Wafaransa walikuwa 39 na Wahispania 22. Watu waliojaaliwa lugha ya pili namna hiyo huona fahari kuitumia, na foleni iliyo nyuma ya mgeni huwa ndefu, na adabu ya mjini humhimiza muuzaji asimcheleweshe mtu. Basi moyo wa msichana yule siulaumu hata kidogo. Lakini tendo lake, likishakaririwa na dereva wa basi, na tabibu, na jirani, na mwalimu wa mtoto, huzaa jambo lisilo la insafu, nalo ni kwamba serikali humwamuru mgeni ajifunze lugha, ikamtoza ada na kumtishia kumnyima kibali, kisha raia wa serikali hiyo hiyo wakamkosesha mtu wa kusema naye. Ni sawa na kumwalika mtu karamuni, halafu ukamlia chakula chake ili usimchoshe kwa kutafuna. Na baada ya miaka kumi ni hao hao wanaosikika wakinung'unika kwamba wageni wamekaa muda wote huo na lugha ya nchi hawakuitaka.

Iko sababu nyingine ambayo wenyeji wenyewe hawaitaji, labda kwa kuwa hawaijui, nayo imo masikioni mwao. Kidenmaki husemwa na watu wapatao milioni 6, takribani wote wakiwa wamezaliwa nacho, na irabu zake ni nyingi na nyembamba mno, na konsonanti zake nyingi humezwa kabla hazijafika mdomoni. Mdenmaki hakuzoea kuisikia lugha yake ikisemwa na mtu wa lafudhi nyingine. Irabu moja ikienda upande, maana yote humpotea, naye huona aibu kuuliza mara mbili, hukimbilia Kiingereza. Huko wana mchezo wao unaojulikana na kila mgeni: hukalishwa mezani akaambiwa atamke jina la chakula chao cha matunda mekundu yaliyopikwa yakamwagiwa krimu ya maziwa, rødgrød med fløde, na akishajaribu, watu hucheka kwa furaha, humpa mkono wa pongezi, kisha mazungumzo ya jioni nzima yakaendelea kwa Kiingereza. Mgeni amekwisha kuwa tumbuizo, mzungumzaji hajawa.

Sisi katika jambo hili tulibahatika, si kwa wema wetu bali kwa historia. Kiswahili kimesemwa na Mnyamwezi, na Mhindi, na Mgoa, na Mmanga, na Mkongo, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na sikio la mtu wa pwani likajifunza kuidaka maana hata pale ngeli zinapogombana. William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwako Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alimpata Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa kumkusanyia na kumfafanulia tungo za mshairi Muyaka, na Mwingereza yule akaishia kuijua lahaja ya Mombasa kwa undani ambao wazaliwa wengi wa leo hawana. Sisemi kwamba tumebaki hivyo hivyo: nenda leo Nairobi ukamtazame kijana wa hotelini akimjibu kwa Kiingereza mwanafunzi wa Kijerumani aliyemsemesha kwa Kiswahili sanifu.

Ama Mfaransa, yeye husifika kwa ukali, na sifa hiyo hakuonewa. Mgeni akikosea jinsia ya neno, keshia wa Paris humsahihisha papo hapo mbele ya watu, bila ya kuombwa na bila ya kutabasamu, na asiyeanza kwa maamkizi huweza kujibiwa kana kwamba ametukana. Haya ni mazao ya nchi ambayo mfalme wake aliamuru tangu mwaka 1539 hukumu na hati za serikali ziandikwe kwa Kifaransa, na tangu mwaka 1635 ikawa na baraza maalumu la kuichunga lugha. Wengi huwachukia kwa ajili hiyo. Mimi naona, na najua nitapingwa, kwamba ukali wa Mfaransa una heshima ndani yake ambayo upole wa Mholanzi hauna, kwa maana anayekusahihisha amekwisha kukubali kuwa wewe ni msemaji wa lugha ile, nawe unapaswa kuisema sawasawa. Léopold Sédar Senghor, mwana wa Senegal, alifaulu mwaka 1935 mtihani mkuu wa ualimu wa sarufi, akapelekwa Tours kuwasomesha watoto wa Kifaransa lugha yao wenyewe, na mwaka 1983 akachaguliwa kuingia katika baraza lile lile la kuichunga lugha, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo. Ukoloni ulikuwa ukoloni, na watoto wa Brittany waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao, hilo halifutiki. Lakini mlango wa lugha yenyewe, aliyeweza kuufikia aliukuta wazi.

Kuna wageni wengine ambao hata fursa ya kukosea hawapewi. Suriname ilitawaliwa na Uholanzi mpaka mwaka 1975, na Kiholanzi ndiyo lugha yake rasmi hadi leo. Mtu wa Paramaribo huzaliwa nacho, husomeshwa kwacho na hugombana kwacho. Akiingia dukani Amsterdam na sura yake nyeusi, huweza kujibiwa kwa Kiingereza kabla hajamaliza sentensi iliyo fasaha kuliko ya muuzaji. Hapo hakuna tena habari ya lafudhi wala ya foleni. Jicho limetangulia kuhukumu, na sikio likafuata hukumu ya jicho.

Mahali ambapo nimeona watu wakijikagua katika jambo hili kwa dhati ni Katalonia, pengine kwa kuwa wao ndio wanaopata hasara kubwa. Tangu Franco, dikteta wa Hispania, aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 mpaka alipokufa mwaka 1975, Kikatalani kiliondolewa shuleni na maofisini, na watu wakajizoeza kumsemesha Kihispania kila mgeni, kila askari na kila karani. Hofu iliondoka, mazoea yakabaki. Leo Kikatalani ndiyo lugha ya shule huko, hivyo mtoto wa Kimoroko au wa Kisenegali aliyekulia Vic au Girona hukijua barabara, lakini akienda buchani, mwenye bucha, ambaye sasa hivi alikuwa akizungumza Kikatalani na mteja aliyetangulia, humgeuzia Kihispania kwa adabu, naye mtoto hufahamu kutokana na adabu ile kuwa yeye hahesabiwi. Najat El Hachmi, aliyezaliwa Nador nchini Morocco mwaka 1979 na kuletwa Vic utotoni, aliandika kitabu mwaka 2004 akakipa jina la kudai kuwa yeye pia ni Mkatalani, na mwaka 2008 riwaya yake ilitunukiwa tuzo ya Ramon Llull, iliyo miongoni mwa tuzo kubwa za fasihi ya lugha hiyo.

Wakatalani wakatafuta dawa. Tangu mwaka 2003 serikali yao huwakutanisha wawili wawili, mwenyeji na mwanafunzi, wakae pamoja saa moja kila wiki, kwa muda usiopungua saa 10, mkahawani au sokoni au popote wapendapo. Hapana kitabu wala mtihani, na sharti ni moja tu, kwamba wasigeuze lugha. Fauka ya hayo, wenyeji huhimizwa wazi wazi kwamba anayeshikilia Kikatalani mbele ya mgeni hakukosa adabu. Nadhani Uholanzi na Denmaki zingefanya vyema kuwapa mafunzo kama hayo raia wao, maana za wageni sheria zimekwisha kutosha.

Kwa sasa wageni wanajitafutia hila zao. Nimeona kwamba Mrundi na Mkongo waliofika Uholanzi bila ya neno la Kiingereza hukisema Kiholanzi mapema kuliko Mkenya, ambaye elimu yake ya shuleni imemgeukia kuwa kizuizi. Kijana mmoja wa Mombasa, alipolitambua hilo, akaazimia kumwambia kila muuzaji kwa Kiholanzi kuwa Kiingereza hakijui. Siku ya kwanza muuzaji alimtazama kwa huruma, akafikiri kidogo, kisha akamuuliza kwa Kifaransa kama afadhali waendelee kwa lugha hiyo.