Tulipoulizwa Nani Alitufunza



Wazazi wetu wapendwa, kila vijana wanapotafuta nafasi za masomo ya juu, baadhi yenu hutujia kutaka nasaha kuhusu Al-Azhar. Tulijaaliwa kusoma huko Cairo, na hadhi ya mahali hapo haina shaka. Msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 970, na hadi leo wanafunzi wa kila taifa huketi chini ya nguzo zake kumsikiliza shekhe. Lakini leo tunalo la kukiri.

Mwaka wetu wa kwanza, shekhe mmoja alitusikiliza tukisoma Qur'ani, akapendezwa na namna tulivyotoa kila herufi mahali pake. Akauliza, "Nani alikufunza?" Waliotuzunguka walikuwa vijana wa nyumba za elimu, baba na babu zao maulamaa. Tukaona haya. Tukamtaja mwanachuoni mashuhuri wa mji wetu, ambaye darsa zake tulizihudhuria miezi michache tu.

Aliyetufunza hasa alikuwa bibi mjane, jirani yetu. Chuo chake kilikuwa ukumbi wa nyumba yake. Ada ilikuwa senti chache, na asiyekuwa nazo alimtekea maji. Alisuka ukili huku akitusikiliza, na kosa la herufi moja halikumpita. "Rudia, mwanangu," husema, bila kuinua macho.

Tuliazimia kwamba tukirudi tutamweleza na kumwomba radhi. Tuliporudi na shahada mkononi, tulionyeshwa kaburi lake.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Sisi tulipewa nafasi ya kushukuru kwa neno moja, tukaipoteza kwa ajili ya fahari.

Basi wapelekeni watoto wenu vyuo vikuu, na mabinti pia. Al-Azhar yenyewe iliwafungulia wanawake mlango mwaka 1961, hatuna udhuru. Ila kabla kijana hajasafiri, na aende kwanza kwa aliyemfunza alifu na bee, ambusu mkono, amtake radhi. Na popote atakapoulizwa, amtaje kwa jina.

Nanyi akina mama mnaofunza kumbini mwenu, msidharau kazi yenu. Mwombeeni bibi yetu maghfira, nasi pia.

Wabillahi tawfiq.