Oili nzito haitibu kelele
Wenzangu wa bodaboda, msikimbilie oili nzito kuficha kelele. Kwa joto hili la Mombasa, na foleni ya Marikiti pikipiki ikitambaa kwa gia ya kwanza, oili ya 20W-50 yatosha pikipiki nyingi za zamani za Boxer. Lakini iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Ya gari huweza kuifanya klachi iteleze, maana klachi yetu huogelea humo humo kwenye oili. Ili ujue kelele yatoka wapi, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini sikioni. Ikigonga tik-tik juu kichwani, mara nyingi ni tapeti. Zipimwe injini ikiwa baridi. Ikichakacha ubavuni, shuku cheni ya taimingi. Mdundo mzito chini huwa ni konrodi, na hapo hakuna oili itakayokuokoa: injini ifunguliwe mapema.