Umeme umerudi, picha hazionekani

Wamama, umeme ukikatika hapa Kamina kisha ukarudi, simu inaweza kukosa kufungua seva, ile mashini inayotunza picha na mafaili ya nyumba nzima. Musifute kitu, mara nyingi vyote vingali ndani.

Kwanza, hakikisheni simu na seva ziko kwenye wifi moja. Mega hazihitajiki.

Pili, modemu ikiwaka upya inaweza kuipa seva anwani mpya, na simu bado inatafuta ile ya zamani. Someni anwani mpya kwenye ukurasa wa modemu, kisha muifunge isibadilike.

Tatu, kwenye neno la siri, herufi kubwa na ndogo si sawa.

Ikifunguka, wekeni nakala ya vyeti vya kuzaliwa na daftari ya likelemba kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Seva ikiungua, hamutapoteza vyote.