Kitunguu Hakina Kosa

Mkabidhi mgeni kitunguu akate, iwe Kasulu au Kibondo, na kabla hajamaliza kumenya ganda la nje atakuwa ameshapewa maelekezo kutoka kila pembe ya jiko. Weka njiti ya kiberiti mdomoni. Ziba pua. Sogea karibu na moto. Usiguse mzizi. Kila mtoa ushauri ana shahidi wake, na mara nyingi shahidi ni bibi ambaye maisha yake yote hakuwahi kutokwa na chozi kwa sababu ya kitunguu. Mimi nina ugomvi na karibu ushauri wote huo. Baadhi yake ni upuuzi wa kupita, lakini upo ambao una ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umewekwa mahali pasipo pake.

Tuanze na dai lililozaa mengine: kwamba kinacholiza ni harufu. Kama ingekuwa harufu, kitunguu saumu kingetumaliza. Twanga punje chache za saumu kwenye kinu na jirani wa nyumba ya tatu atajua leo mnapika nini, lakini macho ya mtwangaji yatabaki makavu. Kitunguu maji hakinuki hivyo, na ndicho kinacholiza. Tofauti imo ndani. Seli za kitunguu huhifadhi vitu viwili mahali tofauti: upande mmoja asidi za amino zenye salfa, upande mwingine kimeng'enya kiitwacho alinasi. Kitunguu kikiwa kizima, viwili hivyo havionani. Kisu kikipita, kuta zinapasuka, vinakutana, na kinachozaliwa ni asidi isiyodumu hata dakika. Hapo kimeng'enya cha pili huidaka asidi hiyo na kuigeuza kuwa gesi. Gesi inapanda, inafika kwenye unyevu wa jicho, inachokoza neva zilizo juu ya mboni, nazo zinaziamuru tezi zimwage maji kuiosha. Kitunguu saumu kina alinasi chake, ila hakina malighafi hiyo ya kutosha wala hicho kimeng'enya cha pili.

Wasihukumiwe wapishi peke yao. Wanasayansi nao waliamini kwa miaka mingi kwamba hatua ya mwisho hujitokea yenyewe, hadi mwaka 2002, Shinsuke Imai na wenzake wa kampuni ya vyakula ya House Foods ya Japani walipoonyesha katika jarida la Nature kwamba kimeng'enya maalumu kinaifanya. Mwaka 2013 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayowaendea watafiti wanaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Asiyetaka habari za Japani ajaribu jikoni kwake: mwenzake akate, yeye ainame hapo hapo, afumbe macho na kuacha pua wazi. Ataisikia harufu yote. Machozi hayatamjia kama yanavyomjia akifumbua.

Basi njiti ya kiberiti, kipande cha mkate, bigijii na funda la maji mdomoni vyote vinaanguka pamoja. Wanaosema salfa ya njiti huvuta salfa ya kitunguu wamesikia neno salfa mara mbili wakadhani ni ndugu. Gesi haipiti mdomoni kwenda jichoni. Njia yake ni hewani, moja kwa moja.

"Kaa karibu na moto, moto unakula ukali." Hili linastahili kusikilizwa, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Moto hauli kitu hapo. Unachofanya ni kupandisha hewa ya moto juu, na hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi. Ukikaa kitunguu kikiwa kati yako na jiko, gesi inavutwa kuelekea motoni badala ya usoni kwako. Kwa hiyo anayefanikiwa anaokolewa na upepo, na angeweza kuupata bure nje ya mlango, akikaa upepo umpige ubavuni au mgongoni. Tatizo la nyanda hizi za Kasulu na Kibondo ni kwamba moto wenyewe kwa nyumba nyingi ni wa kuni juu ya mafiga matatu. Kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili au Mei, mapishi yanahamia ndani, mlango unarudishwa, na moshi unajaza jiko hadi kwenye mapaa. Anayelia humo hawezi kujua analizwa na kitunguu au na kuni mbichi. Jiko la mkaa likiwa nje linafaa zaidi kwa mbinu hii. Likiwa ndani pamefungwa, lina sumu isiyo na harufu, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kitunguu chochote.

Wapo wa maji na baridi. Hawa huchanganya mambo mawili, na mimi nayatenganisha. Kuloweka kitunguu kizima na ganda lake usiku kucha hakuoshi chochote, kwa sababu ukali bado haujazaliwa. Unazaliwa kisu kinapopita. Kinachopatikana ni kitunguu cha baridi, na hicho si kitu kigeni kwa watu wa Kibondo wanaoamka Juni na Julai wakijifunika kanga mbili. Ni kweli baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya. Lakini mwaka 2025 timu ya Sunghwan Jung katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilikata vitunguu kwa kisu kilichofungwa kwenye mtambo mdogo, mbele ya kamera ya kasi kubwa, ikaona kwamba kitunguu hurusha matone madogo ya maji yake, mengine yakiruka kwa kasi inayofika mita 40 kwa sekunde. Vitunguu vilivyopozwa havikupunguza matone hayo. Vilielekea kurusha mengi zaidi. Wenye friji wasijivune.

Kukata ndani ya beseni la maji, au kupasua kitunguu nusu na kukisuuza, kunasaidia kweli. Gharama yake ni ladha, kwa sababu salfa ile ile inayoliza ndiyo mama wa utamu wa mchuzi. Kwa kachumbari sawa. Hata sasa watu hukifikicha kitunguu kwa chumvi na kukikamua ili kisiwake mdomoni. Kwa chungu cha maharage ni hasara. Fikiria kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyopokea Wakongo tangu 1996. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani humo umekuwa unga wa mahindi, mazao ya jamii ya kunde, unga wa uji wa lishe, mafuta na chumvi. Kitunguu hakimo. Mama anayekitaka hukitafutia fedha, ili tu kile chakula cha kila siku kiwe na neno la kusema. Kumwambia akikatie majini ni kumwambia amwage alichonunua.

Wanaosema usiguse mzizi nawaunga mkono, kwa shingo upande. Sehemu ya chini na matabaka ya ndani yana ukali zaidi kuliko matabaka ya nje na ncha ya juu, kwa hiyo kuuacha mzizi hadi mwisho kunachelewesha kilio. Faida kubwa, hata hivyo, ni kwamba mzizi unashika matabaka yasisambaratike, na mkataji anamaliza haraka. Anayekata mzizi kwa uangalifu halafu anaponda kilichobaki kwa kisu butu hajasaidika.

Kisha kuna dai la sokoni: chekundu kinaliza, cheupe ni cha upole. Rangi ya kitunguu haina uhusiano na salfa. Kosa linaeleweka, kwa sababu aina zinazotawala masoko yetu, kama Red Creole na Bombay Red, ni nyekundu na pia ni kali. Ukali unatokana na aina ya mbegu, na salfa iliyomo ardhini, na kiu ya mmea wenyewe. Huko Georgia, Marekani, vitunguu vya Vidalia vimepata jina kwa upole wao kwa sababu udongo wa kichanga wa huko una salfa kidogo. Mkulima wetu anayetia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, anaongeza naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Anayetia urea haongezi salfa hata chembe. Muulize muuzaji mbolea gani ilitumika, atakucheka, lakini swali hilo lina maana kuliko kuuliza rangi. Na kabla hujatamani kitunguu cha upole, kumbuka kwamba vitunguu vikali, vyenye maji machache, ndivyo vinavyokaa ghalani muda mrefu. Cha Mang'ola au Singida kinachopandishwa lori hadi Kasulu kingekuwa cha upole kama cha Vidalia, sehemu ya gunia ingefika imeoza. Wajapani wale wale wa House Foods walianza kuuza mwaka 2015 kitunguu kisicholiza kabisa, Smile Ball. Hakilizi, na hakina pilipili yake pia.

Kuna dai ambalo silichukulii kwa mzaha: kwamba machozi ya kitunguu yanasafisha macho, na wapo wanaovuka mpaka na kudondosha maji ya kitunguu jichoni kama dawa. Machozi hayo yameitwa kuosha gesi ya kitunguu, basi. Hayaponyi mtoto wa jicho, wala ugonjwa wa vikope, ambao husababishwa na bakteria na hutibiwa kwa antibiotiki kama azithromaisini. Maji ya kitunguu jichoni ni kuchokonoa pale palipoumia. Hata mkono uliokata kitunguu usipeleke jichoni kabla ya kuunawa. Wengi wanaodhani kitunguu kimewazidi nguvu wamejipaka wenyewe.

Nimeliacha nyuma dai ninalolisikia kuliko yote: "Ni mazoea tu. Ona mama lishe, anakata vya gunia halii." Mtazame vizuri huyo mama lishe. Yuko nje au chini ya turubai lisilo na kuta. Amesimama, meza iko kiunoni. Vilivyokatwa anavitupa kwenye mafuta ya moto, mara nyingi mawese, na joto linaviua vimeng'enya papo hapo, gesi inakoma. Na kisu chake kinakata. Sasa mtazame anayekata nyumbani. Amekaa kwenye kigoda, magoti juu, ameinama. Kitunguu kiko kwenye kiganja cha kushoto, kisu kinakuja kuelekea dole gumba, vipande vinaangukia kwenye sufuria iliyo mapajani. Uso wake uko juu ya kitunguu kabisa. Hapo mazoea yatafanya nini?

Na kisu chake ni butu. Wataalamu wa Cornell walieleza kwa nini hilo ni kosa kubwa: kisu butu hakikati tabaka, kinalibonyeza kwanza, maji yanabanwa chini yake kama kwenye kifuko, na tabaka likipasuka yanaruka. Kisu kikali kinapita kabla shinikizo halijajaa, na kukata taratibu kunapunguza matone zaidi. Mwenye nyumba ukimwambia anoe, atakujibu kwamba kisu butu ni salama. Hapa ndipo watoa ushauri wa mijini wanapomdharau bure, kwa sababu ana sababu: anayekatia kiganjani kwa kisu kikali atakata dole gumba. Ubutu ni kinga ya mkono, na jicho ndilo linalolipa. Kwa hiyo kumwambia anoe kisu bila kumpa mahali pa kukatia ni kumtoa kwenye machozi na kumpeleka kwenye damu.

Vitu viwili hivyo huja pamoja au visije kabisa. Kwanza kibao, kisha kinoo. Wanaosema kibao ni mambo ya hotelini wamesahau kwamba kwa fundi seremala kuna vipande vya mbao vinavyosubiri kuchomwa. Chagua cha mti mgumu wowote usiotoa utomvu, kisiwe kimepakwa rangi wala dawa ya mchwa. Kisuguliwe kwa msasa, kioshwe kwa maji ya moto na chumvi, kianikwe kikiwa kimesimama. Kikae juu ya meza, au juu ya ndoo iliyogeuzwa, mradi kiwe chini ya kifua na si chini ya pua. Kisu kinolewe kwa jiwe, au kwa ule ukingo usio na rangi ulio chini ya kikombe cha udongo. Tupa ya kunolea panga iachiwe panga, inatafuna kisu chembamba. Kitunguu kipasuliwe kutoka juu kwenda mzizini, nusu zilazwe upande wa bapa chini, na zile ambazo hazijafikiwa zifunikwe na bakuli.