Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Na Mgeni Je?

Wanafunzi wenzangu, methali hii tumeiandika katika insha hadi imechakaa. Lakini hebu niulize: mgeni mwenyewe je, yeye huponywa na nani? Wapo wanaoshikilia kwamba mtu akihamia nchi ya watu huja na kipaji chake kamili, mfano wa sanduku la bweni. Kazi iliyobaki ni kulifungua tu. Mimi nakataa katakata. Kipaji cha mhamiaji hutegemea hulka yake, na pia watu anaokaa nao.

Shahidi wangu ni marehemu Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka wa 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka wa 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya jamaa yake, Mzee Makassy. Angeweza kujifungia humo na Wakongo wenzake, maana rumba ya kwao ilipendwa kote Afrika Mashariki, na chakula hakingekosekana. Wapi! Baadaye alihamia bendi ya Matimila, akapiga muziki pamoja na Watanzania, akaishi Sinza kati ya watu wa kila namna. Kituo cha mabasi cha hapo kikaja kuitwa Sinza kwa Remmy. Jamani, mgeni kupewa kituo!

Kiswahili alikuwa nacho tangu kwao, lakini cha Dar ni kingine, kina mafumbo na vijembe vyake. Alikiokota kwa majirani, na shida zao akaziokota pia. Ndipo tukapata nyimbo kama "Kifo" na "Mnyonge Hana Haki". Gitaa lilibaki na ladha ya Kongo, ila muziki wenyewe aliuita ubongo, yaani wa kufikirisha. Basi anayedai kwamba kuchanganyika kunaua asili ya mtu atueleze hapo asili ilikufa wapi.

Hata hivyo, majirani peke yao hawatoshi. Wahamiaji wangapi walikaa mji ule ule wakanyamaza? Remmy alikuwa na ulimi usioogopa. Mwaka wa 1990 alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukitajwa kwa kunong'ona. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Mtu mwenye haya nyingi asingethubutu, hata angezungukwa na makabila mia.

Sasa tuje hapa kwetu. Tuna wenzetu waliotoka Sudan Kusini na Kongo. Bwaloni wana meza yao ya mwisho kule karibu na mlango, nasi tunawaita "wale". Mmoja wao huchora hadi unashangaa, lakini picha zake huishia nyuma ya daftari la hesabu. Ati ni mkimya! Kwani nani amewahi kumsalimia akangoja jibu? Mkimya hahitaji kusukumwa jukwaani. Anahitaji marafiki wawili watatu wa meza nyingine, wa kumwambia, "Hii lete tuione."

Chama chetu kinaandaa igizo la muhula ujao. Nimewaomba viongozi wetu kwamba watu wa meza ile waitwe kwenye kuandika na kuchora mandhari, si kubeba viti tu kama mwaka jana. Baadhi ya wanachama wamenuna. Wacha wanune; mazoezi ni Alhamisi baada ya michezo.