Mwanao Anacheza na Umeme? Usimfiche

NESI WENU, SEHEMU YA 9

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu watoto wanaokunywa mafuta ya taa. Leo nataka niongee na wazazi wenye vijana mafundi, wale wa kujifunzia mtaani, na vijana wenyewe kama mnanisoma. Ni ndefu kidogo. Naomba mnivumilie.

Kuna kijana aliletwa wodini na mama yake, Jumatatu asubuhi, kwa bodaboda. Ana miaka kumi na tisa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) Mkono wa kulia umefungwa kitenge. Namuuliza mama, kulikoni? "Kaungua na uji, sista."

Nikafungua kitenge. Jamani, uji unaacha malengelenge, hautoboi. Huyu alikuwa na vidonda viwili vidogo vyeusi kwenye vidole, vikavu, vimezama ndani kama mtu aliyechomwa msumari wa moto, na juu yake dawa ya meno. Nikamuuliza kijana, "Mdogo wangu, ni umeme?" Akamwangalia mama yake. Mama akaangalia chini. Hakuna aliyejibu.

Nikaona nisimsumbue, nikampa kikopo akatoe mkojo. Aliporudi nacho, mwenyewe alikuwa ameshaogopa. Mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndipo akasema, "Sista, ni transfoma. Ijumaa usiku."

Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi. Siku zote hizo figo zake zilikuwa zinaziba, na nyumba nzima imekubaliana kwamba ni uji.

Nieleze kidogo. Alinunua microwave iliyokufa kwa wauza chuma chakavu, akatoa transfoma. Mwanzoni alitaka atengeneze mashine ya kuchomelea, maana mnajua zilivyo ghali za dukani. Halafu akaona kwenye simu video ya watu wanaochora ubao kwa umeme. Unapaka maji ya chumvi au ya magadi, unagusisha nyaya mbili, moto unatembea kwenye mbao kama mizizi ya mti au kama radi. Ni pazuri kweli, hata mimi nimeziangalia. Akafanya peke yake, chumbani, watu wamelala.

Sasa kabla hujasema "mtoto mjinga", subiri kwanza.

Hawa vijana sio wajinga. Kila kijiji tangu umeme wa REA ufike wapo. Ndio wanaotutengenezea simu, redio, feni, ile TV ya chogo ya babu. Malawi kulikuwa na kijana anaitwa William Kamkwamba, aliacha shule kwa kukosa ada, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu na dainamo ya baiskeli, akawasha taa nyumbani kwao. Dunia nzima ikamjua. Lakini kitu ambacho wengi hawakisemi ni hiki: alijitengenezea pia kifaa cha kukata umeme, kwa misumari na sumaku, ili nyaya zikigusana nyumba isiungue. Yaani pamoja na umaskini wake wote, alifikiria usalama. Na umeme wake ulianzia volti 12 tu.

Transfoma ya microwave inatoa volti 2,000 hivi, na ina nguvu ya kusukuma nusu ampia. Nyuma ya kioo cha TV ya chogo ya rangi kuna volti zaidi ya 20,000. Hapo huchezi tena na mambo ya Kamkwamba. Uko kwenye mambo ya nguzo.

Mimi ni nesi, sio fundi umeme. Lakini najua umeme unafanya nini ukiingia kwa mtu, na hesabu yake ni fupi. Miliampia 10 mpaka 20 zikipita mkononi, misuli inajikaza, unashindwa kuachia. Ndio maana watu wanasema "umeme unavuta". Hauvuti. Ni mkono wako mwenyewe umekataa kufunguka. Miliampia 100 hivi zikipita kifuani, moyo unaacha kupiga, unabaki unatetemeka tu. Sasa chukua umeme wa kawaida wa nyumbani, volti 230. Mtu mwenye mikono ya jasho, upinzani wa mwili wake unaweza kushuka mpaka omu 1,000. Gawanya. Miliampia 230. Huo ni wa kwenye soketi, bado hatujafika kwenye transfoma.

Vijana wananijibu mambo matatu kila nikiwauliza. Wacha niyajibu hapa wote msikie.

"Sista, breka ingekata." Breka ya ampia 16 ni miliampia 16,000. Moyo wako unahitaji 100 kusimama. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Wewe hujamo kwenye hesabu yake. Kipo kifaa kingine kinachokata umeme ukivuja miliampia 30, hicho kinaokoa watu, lakini nyumba nyingi huku hakipo. Na hata kikiwepo, ukishapitisha umeme kwenye transfoma, upande wa pili hakioni kitu. Unaweza kuwa unakufa upande ule, chenyewe kinaona mambo ni shwari.

"Nilikuwa nimevaa kandambili." Kama nyaya zote mbili ziko mikononi, umeme unaingia mkono huu unatokea mkono ule, katikati kuna moyo. Hauna haja ya kupita miguuni.

"Nilikuwa nimeshazima." Kwenye microwave na TV kuna kapasita, inatunza umeme hata kama umechomoa waya ukutani. Kuzima ni hatua ya kwanza tu. Bila kupima kwa mita, hujui.

Ule mchezo wa kuchora mbao, hata wenzetu wenye vifaa vyote umewashinda. Chama cha wachonga mbao cha Marekani kiliupiga marufuku kwenye shughuli zake mwaka 2017, na watu zaidi ya 30 wameshakufa kwa mchezo huo. Wengi ni watu wazima. Kwa hiyo huo mimi sina ushauri wa kuufanya salama. Achana nao kabisa, kwaheri.

Lakini hiyo sio hoja yangu kubwa leo. Hoja yangu ni ule uji.

Wazazi wengi wananiambia, "Nesi, dawa ni kuwakataza. Tupa hizo transfoma jalalani." Nawaelewa. Lakini niambie, ulivyomkataza aliacha? Kijana aliyekatazwa anafanya saa sita usiku, amefunga mlango, peke yake. Na peke yake ndipo panapoua. Nina wa pili wa kuwasimulia, huyu wa upande wa Handeni. Simulizi yake ni fupi, hakufika wodini. Walimkuta asubuhi, mkono bado umeshika waya. Angekuwepo mdogo wake tu, hata wa miaka kumi, amesimama karibu na swichi, ameambiwa "ukiniona nimekaza, zima", leo huenda tungekuwa tunamtania.

Na akipona, yule aliyekatazwa anaficha. Anaogopa baba. Anaogopa TANESCO watakuja kukata umeme. Anaogopa polisi na PF3. Mama naye anaogopa aibu, anatunga uji. Siku zinakwenda. Wanapaka dawa ya meno, yai, asali. Wanampa maziwa. Nimeshasikia mpaka wa kufukiwa kwenye mchanga ili "umeme ushuke". Ndugu zangu, umeme haukai mwilini kusubiri mchanga. Umeshapita. Ulichoacha ni misuli iliyoungua kwa ndani, na misuli ile inamwaga sumu yake kwenye damu, sumu inaziba figo. Kidonda kwa nje kinaweza kuwa kidogo kama punje ya hindi. Moto wote uko ndani. Mkojo ukiwa mweusi ujue figo zinaomba msaada, zinahitaji maji ya dripu mengi na mapema. Moyo nao unaweza kuyumba, na kwa macho huuoni. Unahitaji kipimo.

Hapa na sisi wauguzi na madaktari tuna kosa letu, nisiwasingizie wazazi peke yao. Nimeshasikia mhudumu akimwambia mgonjwa mbele ya watu, "Ulikuwa unaiba umeme wewe!" Yule kijana akirudi mtaani na kusimulia, wenzake kumi wote watakuja na uji. Kazi yetu ni kuuliza vitu vinne: volti ngapi, muda gani, umeingilia wapi na kutokea wapi, na ulipoteza fahamu? Mengine hayatuhusu. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, karatasi zinafuata.

Kwa hiyo mzazi, kama mwanao ni wa namna hii, nakuomba umtoe gizani. Afanyie kazi barazani, mchana, watu wanapita. Mwambie aanze na vitu vya betri, redio, taa za sola ndogo. Mnunulie mita, ni bei rahisi kuliko jeneza, samahani kwa kusema hivyo. Muulize habari za VETA, na ujue wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani, hata kama hakukaa darasani. Kazi ya kufunga umeme majumbani ina leseni ya EWURA, sio kazi ya kubahatisha. Akiona kuna njia ya kwenda mbele, hatang'ang'ania transfoma ya microwave.

Na wewe kijana: usiguse umeme wa ukutani peke yako. Mwenzako asimame kwenye swichi, asishike simu kurekodi video. Chomoa, subiri, pima kwa mita, ndipo uguse. Mikono ikiwa na jasho, acha mpaka kesho. Microwave na nyuma ya TV waachie waliosomea. Nguzo na mita za TANESCO usiziguse hata kidogo, waya wa nguzo wa kijijini unaweza kuwa na kilovoti 33.

Mkimkuta mtu ameshikwa na umeme, msimguse. Mtakuwa wawili. Zimeni mainswichi kwanza, au chomoeni waya ukutani. Kama ni umeme wa soketi na swichi haifikiki, msukumeni kwa mti mkavu, mkiwa mmesimama pakavu. Kama ni waya wa nguzo umeanguka, msisogee kabisa, hata mti mkavu hausaidii hapo. Kaeni mbali, zuieni watoto, pigieni TANESCO.

Umeme ukishakatika, mwangalie. Kama haitiki na hapumui vizuri, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5. Usiogope kumuumiza. Usiache mpaka azinduke au mfike kwa wataalamu. Kama anajitambua na ameungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, funika kitambaa safi. Basi. Usipake kitu. Kisha hospitali, hata kama anatembea, hata kama anacheka, hasa kama ni umeme wa transfoma au nguzo, au alizimia, au kifua kinamuuma, au mkojo umebadilika. Na ukifika, sema ni umeme.

Yule wa kwanza alipona. Figo zilirudi baada ya dripu nyingi na siku nyingi. Vidole viwili havikurudi, nyama ya ndani ilikuwa imekufa, tulimpa rufaa akakatwa. Daktari alisema angekuja Ijumaa ile ile huenda kimoja kingebaki. Mama yake aliisikia hiyo sentensi. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, sikuwa na la kumwambia.

Mwezi uliopita kijana alikuja kliniki. Akaniuliza kama anaweza kutengeneza simu kwa vidole vitatu. Nikamwambia ajaribu, simu ni volti 4 tu. Akacheka kidogo. Anafanyia kazi barazani sasa, na baba yake ndiye aliyemtengenezea meza.

Kama unamjua kijana wa hivi, mtumie hii. Na kama nyumbani kwako kuna "uji" mmefunika na kitenge, usisubiri Jumatatu. Mlete usiku huu.

Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu radi, msimu wa mvua ndio huo unakuja. Usiku mwema.