Spika za Sebuleni na Herufi ya Thaa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, tunamwambia dada yetu aliyetuandikia kutoka upande wa Bomet kwamba barua yake ilitufikia, na tukachelewa kuijibu kwa kuwa tulitaka kwanza tuione nyumba kwa macho yetu. Mwezi uliopita tulikuwa na safari ya Kericho. Tukaendelea kwa njia ya Litein na Kapkatet hadi Sotik, mashamba ya majani chai yametanda kulia na kushoto, na kutoka hapo tukafika kwake. Tuliketi sebuleni baina ya Adhuhuri na Magharibi, na wenye nyumba wote wawili wametupa idhini ya kuyaandika haya.

Mume ni mwalimu, wote wawili ni watu wa kwetu Pwani, na kazi ndiyo iliyowapeleka huko. Bwana amejiwekea akiba ya kununua risiva na spika tano pamoja na wufa, ili sebule iwe kama sinema siku za mpira. Bibi anasema fedha hizo ni nyingi mno kwa kelele, na haja yake ni chombo cha kuwasikilizisha watoto Qur'ani, kwa kuwa madrasa iko mbali na mwalimu wao huwapata likizoni tu. Kila mmoja alitutazama kama kadhi.

Kabla hatujasema neno, binti yao wa miaka 6 aliletwa atusomee. Alisoma Suratul Kauthar kwa utulivu, mikono juu ya magoti, ila jina lenyewe la sura alilitamka "Kaufar". Mama yake aliinamisha uso kwa haya. Tukauliza mtoto amejifunza wapi, tukaonyeshwa wufa kuukuu chini ya meza, koni yake moja imepasuka. Tukaiwasha, tukasogeza sikio. Wallahi, sisi tuliohifadhi sura hiyo tangu tungali watoto hatukuweza kupambanua kama msomaji alisema thaa au faa. Kosa halikuwa la mtoto. Alikuwa ametamka kile alichosikia.

Wasomaji wetu wapendao kupika wanajua kuwa mchuzi una uzito wake na una viungo vyake. Sauti ya mwanadamu iko vivyo hivyo. Uzito wake, yaani irabu na mvumo wa kifua, umo katika sauti za chini. Lakini herufi za mpulizo kama sini, thaa, faa na shini hupambanuliwa zaidi kwa sauti nyembamba za juu, nyingi zikiwa juu ya hatsi 3,000. Simu za zamani za waya zilikata sauti karibu na hatsi 3,400, na ndiyo sababu watu walilazimika kusema "S ya Salma" na "F ya Fatma" wakitaja jina simuni. Chombo ambacho fedha yake yote imekwenda kwenye besi humfanyia mtoto jambo lilo hilo: humpa uzito wa Qur'ani na kumficha herufi.

Basi shauri letu la kwanza lilikuwa kwa bwana na bibi kwa pamoja. Msinunue kwa besi. Muuza duka atawapigia ngoma nzito mpaka vioo vitetemeke, kwa kuwa ngoma huficha kila aibu ya spika. (Hukumu ya muziki tumeiandika siku nyingine na hatuirudii hapa.) Nendeni na rekodi yenu. Sisi tungechukua kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye msahafu wake mzima uliorekodiwa mwaka 1961 ndio uliotangulia, kwa kuwa husoma polepole na kila herufi huipa haki yake. Kisha wekeni Sheikh Abdulbasit Abdulsamad mahali anapopandisha sauti kwa pumzi ndefu. Spika dhaifu hapo hupiga ukelele kama bati. Sikilizeni kwa sauti ya chini, si ya juu. Mkipambanua herufi kwa sauti ya chini mkiwa mlangoni, chombo hicho kinafaa.

Na matakwa ya bwana je? Kutaka raha halali nyumbani si kosa, na heri baba aketi na wanawe kuliko kutafuta mpira barazani hadi usiku. Risiva ni mashine inayopokea sauti kutoka kwenye televisheni na vyombo vingine, kuipa nguvu na kuigawa kwa spika. Mpango uitwao 5.1 una spika tatu mbele, mbili kando au nyuma, na wufa kwa besi. Maneno ya wazungumzaji kwa kawaida hutoka katika ile ya kati. Lakini sebule ile ni ya hatua nne kwa nne, na nusu yake ni makochi. Tukamwambia anunue risiva nzuri na spika mbili nzuri za mbele tu, aiarifu risiva katika mipangilio yake kwamba spika ya kati haipo, nayo itayagawa maneno kwa zile mbili. Akipata uwezo ataongeza. Hiyo ndiyo faida ya risiva juu ya seti zinazouzwa zote pamoja ndani ya boksi moja, ambazo mara nyingi kimoja kikiharibika vyote huwa mapambo.

Juu ya wati tuseme kidogo, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huliwa. Boksi huandikwa wati 5,000 kwa herufi za dhahabu. Geuzeni mashine, msome kibandiko cha nyuma kinachoeleza umeme inaotumia. Kama kimeandikwa wati 60, mashine hiyo itatoaje 5,000 mfululizo? Takwimu ya kuuliza ni ile iitwayo RMS. Tena kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Someni pia namba ya omu: risiva ikisema inataka spika za omu 6 na kuendelea, msiifunge spika za omu 4, itachemka na kujizima. Na mkiletewa chombo cha mtumba kutoka ng'ambo, hakikisheni kimeandikwa volti 220 hadi 240. Vya Japani ni vya volti 100 na vya Marekani 120, na kikichomekwa moja kwa moja katika soketi zetu huenda msisikie kitu ila harufu ya moshi.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa ukuta. Nyumba ile imeungana na nyingine, na jirani ni Mkipsigis Mkristo, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, ambaye wiki nyingine huingia zamu ya usiku na kulala mchana. Mkewe na dada yetu huamkiana "chamgei" kila asubuhi na hupeana maziwa na mahamri. Besi haizuiliwi na ukuta wa matofali kama zinavyozuiliwa sauti nyembamba; hupita hadi kitandani kwa mtu. Bwana alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa wufa: pembeni, mgongo ukutani kwa jirani, mahali ambapo besi huvimba kuliko kwingine kote. Tukamwomba aihamishie ukuta wa nje. Akasema, "Lakini sheikh, mara nyingi itakuwa ni Qur'ani." Tukamkumbusha ilivyopokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakiinua sauti zao kwa kisomo, akawakataza wasiudhiane kwa kusoma. Hao walikuwa msikitini, Waislamu kwa Waislamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba jirani hajawahi kulalamika. Mkewe akajibu kabla yetu: "Hajalalamika kwa sababu ya mahamri."

Karibu na Alasiri mvua ya milimani ikashuka, na mawe ya barafu ndani yake, juu ya bati lisilo na dari. Hatukusikiana. Watu wa kule wana mazoea ya kuongeza sauti ili kushindana na mvua, na hivyo ndivyo spika zinavyouawa: mashine ikilazimishwa kupita uwezo wake sauti hukatika kwa juu, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba ndicho huungua kwanza, yaani kile kinachobeba thaa. Mvua ikinyesha zimeni, msubiri. Na ngurumo zikianza kwa mbali chomoeni plagi pamoja na waya wa antena, kwa kuwa radi hupita kote kuwili. Vifaa vya kuzuia umeme unaopanda na kushuka husaidia siku za kawaida, si siku ya radi. Tungekuwa sisi, tungetoa sehemu ya fedha za spika tuweke dari kwanza. Bwana hakupendezwa na neno hilo.

Kuhusu watoto, rekodi husomesha wala haisahihishi. Elimu hii imepokewa mdomo kwa sikio, mwalimu akiutazama ulimi wa mwanafunzi, na hakuna spika itakayomwambia mtoto atoe ncha ya ulimi baina ya meno. Tulimketisha binti mbele yetu dakika chache, akaitoa ncha ya ulimi, akacheka, akasema "Kauthar" mara tano.

Wamenunua risiva na spika mbili. Wufa wameiahirisha, na dari bado wanajadiliana. Ijumaa iliyopita dada yetu alitupigia simu, mvua ikivuma nyuma yake na plagi zimechomolewa, akampa binti simu atusomee. Alisoma sura yote. Lakini laini ilikuwa mbaya na herufi ile hatukuipata, ikabidi tumwombe mama yake atuambie alivyoitamka.